Twiga, Kofia na Kiti cha Mbele

Jumanne, 4 Novemba

Vita! Tena rasmi.

Mama mkwe ameshuka asubuhi, akasimama katikati ya saluni na khanga yake mabegani, akatangaza kwamba Jumatatu ijayo sakafu itawekwa vigae vipya, na safari hii viti vyote viwili vitafungwa kwa bolti. Amechoka kuvikuta vimehamahama kila akishuka. Jengo ni lake, chumba ni chake, na mke wangu ni binti yake. Hakuna pa kukata rufaa.

Maana yake ni nyepesi. Atakayekuwa mbele siku hiyo atakuwa mbele mpaka mvi. Atakayekuwa nyuma, vivyo hivyo.

Kwa sasa mbele yuko Shemeji, kaka wa mke wangu. Kiti chake kiko mlangoni. Mteja akiingia, kabla hajafikiri, ameshakaa kwake. Mimi niko nyuma, karibu na mlango wa choo. Wateja wangu ni wa aina mbili: waliochoka kumsubiri Shemeji, na waliotoka chooni.

Nikasema haki ni kubadilishana. Shemeji akasema haki ni mwenye ufundi akae mbele. Nikamuuliza ufundi gani, wa mtu anayeamini kwamba Kofia ndiye mcheza gofu bora wa msimu? Akauliza, sasa nani, yule Twiga wako? Tukaanza. Kusema kweli tulianza Januari, leo tumeendelea tu.

Mama mkwe akapiga ukuta kofi. Kalenda ikaanguka. Akasema mwaka mzima anawasikia Twiga na Kofia kupitia sakafu ya chumba chake, hajawahi kuwaona, na amewachoka wote wawili. Basi Jumapili msimu unakwisha, si ndiyo? Mashindano ya mwisho yakimalizika, wateja wanyooshe mikono humu humu. Ambaye mtu wake atatajwa bora wa msimu, achague kiti. Biashara imekwisha. Akapanda ngazi zake.

Shemeji alitabasamu mpaka nikaona jino la nyuma. Najua kwa nini. Kofia wake, anayeitwa hivyo kwa lile kofia pana la majani, amebeba vikombe vitatu msimu huu. Twiga wangu, anayeitwa hivyo kwa shingo, amebeba kimoja. Lakini Twiga hajakosekana kwenye kumi bora hata wiki moja! Na wastani wake wa mipigo ni mdogo kuliko wa wote. (Katika gofu anayepiga mara chache ndiye mjuzi. Nimechoka kumweleza mke wangu.) Vikombe ni kelele. Wastani ni tabia.

Nililisema hilo kwa sauti ya juu. Fundi viatu, aliyekuwa kitini kwangu, akajibu kwamba ni maneno mazuri sana, ila niondoe kwanza wembe shingoni.

Wacheke. Nina silaha.


Jumatano, 5 Novemba

Silaha yenyewe niiandike, maana imeniwasha mwaka mzima.

Mimi ni mashoto. Mkono huu wa kushoto ndio unaolisha nyumba yangu. Lakini mikasi yote ya dunia ilitengenezwa na watu wa kulia kwa ajili ya watu wa kulia, na kidole gumba changu kina sugu ya kuthibitisha. Mteja mgeni akiona wembe unamjia kutoka upande asioutegemea, hushtuka. Shemeji humtuliza: "Usiogope bwana, ndivyo alivyozaliwa." Kama vile naumwa!

Sasa. Runinga yetu imetundikwa juu ya kioo cha Shemeji. Yeye akiinua uso anaiona. Kioo changu kiko ukuta wa pili, kwa hiyo runinga iko mgongoni kwangu, nami naitazama humo humo kiooni, juu ya kichwa cha mteja. Sijapitwa na pigo hata moja. Maandishi yanakuja yamegeuka, lakini nimejifundisha kuyasoma, tena vizuri, hata sasa magazeti ndiyo yanayonipa tabu. Sauti hatuweki, kwa sababu ya mashine za kunyolea na kwa sababu ya Mama mkwe.

Na nilichokigundua kwa macho yangu mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ni hiki: wacheza gofu ni mashoto!

Wote! Uwanja mzima! Watu wazima, wenye suruali za pasi na viatu vyeupe, wanasimama upande wangu na kupiga upande wangu. Siku ile nilipogundua, machozi yalinitoka. Nikasingizia spiriti. Mchezo mzima umetengenezwa kwa ajili ya watu wetu, na hakuna anayeutangaza!

Isipokuwa mmoja tu. Kofia. Huyo ndiye peke yake anayepiga kwa kulia. Amejipenyeza kwenye karamu ya wenyewe. Hivyo vikombe vitatu kavipata kwa sababu wenzake wakimtazama wanachanganyikiwa, wanasahau hata wamesimama wapi. Mtu wa namna hiyo ndiye awe bora wa msimu? Thubutu!

Sijamwambia mtu. Jumapili, mbele ya umati, ndipo litakapolipuka.


Alhamisi, 6 Novemba

Hoja bila watu haifiki mbali. Nimebuni mpango wa watu.

Mwalimu mstaafu alikuja kunyoa ndevu, na Shemeji alikuwa na foleni, kwa hiyo akaangukia kwangu. Mwalimu ni mtu mzito. Akiinua mkono, benchi zima linainua. Nikamnyoa shavu la kushoto likang'aa kama sahani. Kisha nikamvua kitambaa na kukikung'uta.

Akasema, "Kijana, bado upande mmoja."

Nikamjulisha kwa heshima kwamba upande wa pili ni Jumapili, bure, kwa kila rafiki wa Twiga.

Akasema hiyo ni hongo. Nikamjibu kwamba hongo ni kumpa mtu kitu, na mimi nimemnyima. Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, kichwa upande, kama anayetafuta alama za kuninyang'anya. Kisha akaondoka amejishika shavu.

Fundi viatu naye nusu. Dereva wa lori naye nusu, tena huyo hakutambua, alikuwa na haraka ya safari na alilala kitini. Wote watatu wamefungwa kwangu mpaka Jumapili. Fikra ya hali ya juu!

Jioni. Shemeji amewamalizia Mwalimu na Fundi viatu. Bure. Alikuwa akiimba. Mwalimu alijitazama kwenye kioo cha mbele akasifu mkono wake ulivyo mwepesi. Kumbe siku nzima nimekuwa nikimtayarishia Shemeji wapiga kura wake, nusu nusu.

Amebaki dereva. Huyo hawezi kunyang'anywa, yuko njiani.


Ijumaa, 7 Novemba

Mambo mawili, yote ya mke wangu.

La kwanza. Amerudi sokoni na sabuni iliyofungwa kwenye gazeti, na kwenye gazeti kuna picha ya Twiga! Nikalikunjua kwa furaha. Nikakaa chini. Twiga alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia.

Lakini mimi si mtu wa kuyumbishwa na karatasi. Nikaenda nalo chumbani, nikalisimamisha mbele ya kioo cha kabati. Naam! Mashoto safi! Hata maandishi yakakaa kama ninavyoyajua. Wachapaji wameigeuza picha, basi. Ndiyo maana mimi gazeti silinunui.

Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kwa nini nalionyesha gazeti kioo. Nikasema nalisahihisha. Akasema, "Haya, baba watoto," kwa ile sauti yake ya kufunika sufuria.

La pili. Akaketi kitandani akaniambia kwamba kaka yake anakohoa. Vumbi la barabarani linamwingia kifuani kutwa nzima pale mlangoni, na daktari wa zahanati ameshamwambia akae ndani zaidi. Kwamba kiti cha mbele wala hakipendi sana. Kwamba nikimwomba tu, kwa maneno mawili ya kiungwana, atanipa na kunishukuru. Kwamba kura na kelele zote hizi hazina maana, sisi ni ndugu, na watoto wanamsikia mjomba wao akitukanwa kila jioni.

Niombe? Mimi?

Nikamweleza kwamba kiti cha kuomba si kiti, ni kigoda. Mbele nitakaa kwa ushindi, au sikai. Na si suala la kiti tena. Ni Twiga. Ni haki ya mashoto wote, waliopo na watakaozaliwa.

Akauliza Twiga anajua kwamba mimi nipo?

Wanawake huleta maswali ya kando.


Jumamosi, 8 Novemba

Nimefanya mazoezi ya hotuba kwa vitendo, saluni ikiwa haina mtu. Ufagio ndio fimbo, kipande cha sabuni ndicho mpira. Nikasimama kama Twiga. Nikanyoosha shingo kama Twiga. Nikapiga.

Pigo tamu! Sabuni ilipaa, ikapinda kidogo kulia, ikatua ndani ya beseni la maji ya moto alilokuwa akishuka nalo Mama mkwe.

Maji yaliyobaki katika beseni yalikuwa machache.

Aliuliza, kwa upole wa kutisha, mimi ni yupi kati ya wale wawili. Nikasema niko na Twiga, mama. Akasema vizuri, alikuwa hajui ampigie nani, sasa anajua. Kofia.

Sikujua kwamba naye anapiga kura.


Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo kila kitu ni kweli.

Saluni ilijaa mpaka kizingitini. Mama mkwe aliletewa kiti chenye mto. Tukatazama mashindano ya mwisho mpaka shimo la mwisho. Twiga akawa wa pili! Kama kawaida yake, thabiti kama nguzo. Kofia alizama kwenye mchanga, akaishia huko chini. Kikombe alichukua kijana mmoja ambaye hakuna hata mtu aliyekuwa akimzungumzia, jambo la kukosa adabu.

Kabla hatujaanza akaingia dereva wa lori. Nusu uso ndevu, nusu uso kweupe. Alisimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, leseni ina mtu mwenye ndevu, na askari akataka kujua kama ni leseni yake yote au nusu. Akashushwa, akasubiri mpaka akaja mkubwa wao. Akauliza mbele ya watu wote niko wapi. Nikamkaribisha kiti. Akasema atasimama.

Shemeji akaanza. Vikombe vitatu, akavitaja kimoja kimoja. Lile pigo la kutoka mchangani, siku ya upepo, mpira ukaingia shimoni kama umeitwa. Akakohoa, akanywa maji, akasema Twiga ni mchezaji mzuri sana wa kuwa wa pili. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Zamu yangu. Nikachukua ufagio. Nikawaambia wastani ni nini. Nikawaambia kumi bora kila wiki ni nini. Mwalimu akawa anatikisa kichwa kukubali, nawaapia, Fundi viatu akasema, "Hapo ana neno." Nilikuwa nashinda! Ningeketi hapo, leo ningekuwa naandika mengine. Lakini silaha ilikuwa inanichoma mfukoni.

Nikasema: ndugu zangu, yapo mambo makubwa kuliko vikombe. Gofu ni mchezo wa mashoto. Wote mnaowaona ni mashoto, Twiga akiwa kiongozi wao. Na katikati yao kuna mtu mmoja tu, mmoja, anayepiga kwa mkono wa kulia, na huyo ni Kofia! Mgeni! Mvamizi! Mnataka kumpa taji mtu ambaye mchezo si wake?

Watu wakatazamana.

Kwa kuvutiwa, nilidhani.

Fundi viatu akauliza kwa sauti ndogo, "Wapi huko, fundi?" Nikanyoosha ufagio kwenye kioo changu, ambamo walikuwa wanarudia mapigo ya siku. Nikasema si hao hapo?

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Shemeji akaja taratibu, akanishika mabega kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, akanigeuza. Nikaitazama runinga uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu itundikwe. Twiga alikuwa anapiga. Kwa kulia. Akafuata mwingine, kwa kulia. Na mwingine. Kisha akaja Kofia na kofia lake, akasimama upande wangu, akapiga upande wangu.

Hapo ndipo walipocheka. Dereva wa lori alicheka kwa nusu zote mbili.

Mwalimu akasimama. Akasema, kwa faida ya waliokuwa nje, kwamba kwa hoja ya kijana mwenyewe, mashoto ni Kofia. Mtu mmoja peke yake kati ya mamia, vifaa havikutengenezwa kwa ajili yake, kila anayemtazama anamwona wa ajabu, na bado ana vikombe vitatu. Akanitazama akasema, "Sijui kama yupo mtu humu ambaye angepaswa kumpenda kuliko wewe."

Nilihisi kitu kifuani. Nadhani ni kiungulia.

Shemeji akaniinamia sikioni. Hakuwa anacheka. Akasema, "Shem, sikiliza. Inua mkono kwa Kofia pamoja nasi. Huyu ni mtu wako. Kiti cha mbele chukua wewe, mimi nirudi nyuma na kifua changu. Neno moja tu, Kofia, tumalize."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa ananitazama na amekunja mikono, na midomo yake ilikuwa inanisaidia kulisema: Ko-fi-a.

Kiti cha mbele! Mlangoni! Mpaka mvi!

Nikasema: Twiga.

Kura zikapigwa. Kofia, mikono yote, ya Mama mkwe miwili mpaka Mwalimu akamwambia ashushe mmoja. Twiga, mkono mmoja. Wangu. Tena wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika ufagio.


Jumatatu, 10 Novemba

Fundi vigae amekuja na drili yake. Saluni nzima vumbi. Shemeji alikuwa mlangoni anakohoa ndani ya leso.

Mama mkwe akamuuliza anachagua kiti gani. Alisitasita. Akanitazama. Akasema, "Shem, bado fundi hajatoboa. Sema tu." Fundi vigae naye akasimama na drili hewani, akauliza kama tuna uhakika, maana hizi bolti zikishaingia, kuzing'oa ni kuvunja vigae.

Shemeji alinisubiri. Sitaki kudanganya, alinisubiri sana.

Nikasema toboa, fundi. Kaza! Watu wasije wakasema nilihurumiwa.

Shemeji akainua mabega akasema basi cha kwake kibaki mbele, angalau ana mwanga. Drili ikaunguruma. Cha kwangu kimefungwa pale pale, na mlango wa choo ukifunguliwa sasa unagonga sehemu ya kuwekea miguu. Awali nilikuwa nakisogeza.

Mama mkwe amefanya jambo moja la ajabu. Amemwambia fundi aihamishe runinga, aitundike juu ya kioo changu. Akasema mkwe wake asionekane tena anabishana na kioo mbele za watu. Mke wangu akanishika mkono akasema umeona, baba watoto, sasa utaona kama wenzako.

Amenikasirikia tangu jana, lakini mkono alinishika. Nimeandika kwa sababu ni mara ya kwanza kwa wiki nzima.


Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya tatu tangu runinga ihamishwe. Hairidhishi.

Iko mbele yangu, naiona yote, na yote imekaa kinyume. Maandishi yamekaa kama ya gazeti, yananiumiza macho. Leo wamerudia mashindano ya mwezi wa sita, yale ambayo Twiga alichukua kikombe, na wakamwonyesha anapiga kwa kulia. Nilikuwepo siku ile! Niliona kwa macho yangu! Alipiga kwa kushoto, mpira ukapaa kama dua!

Nimewaza sana, nikafika kwenye jibu. Waliotengeneza runinga ni wale wale waliotengeneza mikasi.

Basi nimechukua kile kioo cha mkono tunachowaonyeshea wateja visogo vyao, nikakitundika kwa msumari kwenye mlango wa choo. Nikiipa runinga mgongo, mambo yanarudi mahali pake. Mwalimu alikuwa kitini, akauliza kwa nini namnyoa huku natazama choo. Nikamwambia atulie, Twiga anakaribia shimo. Akahamia kwa Shemeji. Mtu akifungua mlango picha inakatika kidogo, lakini kila kitu kizuri kina usumbufu wake.

Na jioni, furaha kuu! Runinga ikiwa huku kwangu, Shemeji sasa ndiye anayeitazama kiooni. Nilimwona ameshikilia mashine hewani, ameduwaa, mteja anangoja. Akaniita polepole. Akasema, "Shem. Hivi huyu Twiga wako, mbona leo anapiga kwa kushoto?"

Mteja wake akafunika uso kwa kitambaa, mabega yakawa yanamtikisika. Kwa huzuni, bila shaka. Alimpigia Kofia.

Ameona! Kwa kinywa chake, mbele ya shahidi! Kura ya Jumapili haina nguvu tena. Bora wa msimu ni Twiga, na kiti cha mbele ni cha nani, nadhani hata Mama mkwe atakubali akielezwa vizuri.

Kesho naazima spana.